Chumba cha Ibada Shuleni: Anza na Saa, Kisha Maji

Dar es Salaam jua hufika kileleni, kwa wastani wa mwaka, saa 6:23 mchana. Kigoma hufika kama dakika 39 baadaye, saa saba imekwishagonga. Ratiba ya masomo shule inaweza kuinakili kutoka kwa shule nyingine, lakini wakati wa swala ya adhuhuri, unaofuata jua, haunakiliki. Shule ya Dar ikiweka mapumziko kuanzia saa 6:40 hadi 7:20, wanafunzi wataswali ndani ya wakati mwaka mzima. Shule ya Kigoma ikiiga ratiba hiyo hiyo, kwa miezi mingi wakati wa swala utaingia kengele ya kurudi darasani ikikaribia. Hapo chumba kiwe kizuri namna gani, hakitasaidia kitu.

Ndiyo maana namshauri kila mwalimu mkuu anayetaka kutenga chumba cha ibada na tafakuri aanze na saa, kabla hajafikiria zulia wala pazia.

Haja yenyewe haingoji jengo. Mwaka 2023, katika shule ya Michaela jijini London, ambayo haikuwa na chumba cha swala, wanafunzi wapatao 30 walianza kuswali uwanjani wakati wa mapumziko. Shule ikapiga marufuku, na tarehe 16 Aprili 2024 Mahakama Kuu ikaipa shule haki. Kwetu ruhusa ipo: shule nyingi zina kipindi cha dini, na vyama vya wanafunzi Wakristo, UKWATA na CASFETA, na cha Waislamu, TAMSYA, hupokezana madarasa. Kinachopungua ni mpangilio.

Baada ya saa, kibla. Dar es Salaam kibla ni karibu kaskazini kabisa, kinaegemea mashariki kwa nyuzi 1 tu. Mwanza ni kama nyuzi 15, Kigoma kama 20. Dira ya simu ndani ya jengo lenye nondo na mabati hudanganya, na nimeona safu zikigeuzwa kila alipokuja mtu na simu mpya. Jua ni shahidi bora. Tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tena tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27, jua huwa juu kabisa ya Kaaba. Saudi Arabia na sisi tuna saa moja, kwa hiyo hakuna hesabu ya kubadili. Simamisha fimbo ya mita 1 wima uwanjani. Kivuli kitakuwa na urefu wa nusu mita hivi. Mstari kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la fimbo unaelekea Makka. Uhamishie ndani kwa kamba, upake rangi sakafuni, na ubishi umekwisha.

Mstari huo ndio unaoamua chumba kitabeba watu wangapi. Anayeswali anahitaji upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.2 ili asujudu bila kumgonga wa mbele. Chumba cha mita 6 kwa 8, kibla kikifuata urefu wake, kinatoa safu 6 za watu 10; ukimpa imamu nafasi ya mbele zinabaki safu 5, yaani watu 50. Kibla kikikata chumba mshazari, kama itakavyotokea Kigoma kwenye jengo lililojengwa kufuata kaskazini, pembe hupotea. Bora kuzifanya pembe hizo mahali pa viti vichache kwa anayetaka kukaa kimya tu, aliyefiwa au aliyezidiwa na mitihani.

Maji ndiyo yanayoshinda shule nyingi. Watu 50 wakitawadha kwa dakika moja na nusu kila mmoja, na wana robo saa, wanahitaji mabomba 5. Bomba moja likitumika kwa wote, foleni itachukua zaidi ya saa nzima. Pasipo bomba, ndoo ya lita 20 yenye koki inatosha watu 20 wakijizuia na lita moja moja. Mahali pa kutawadhia pawe nje ya chumba, mbali na sinki za jikoni, sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa ili mtoto asiteleze, na mfereji upeleke maji kwenye migomba. Rafu ya viatu ikae kati ya maji na mlango, mguu uliolowa usikanyage vumbi tena.

Kwa kuwa chumba ni cha wote, sakafu iwe tupu. Majamvi yakunjwe, mabenchi mepesi yapangwe ukutani kwa ajili ya kikundi cha sala cha saa kumi, misalaba na misahafu ikae kwenye makabati yenye milango. Umoja wa Mataifa ulifanya hivyo jijini New York mwaka 1957: chumba cha ukimya kisicho na alama ya dini yoyote, na katikati jiwe la madini ya chuma lenye uzito wa tani 6 na nusu. Napenda wazo, ila jiwe nisingeliweka. Linamfaa anayekaa na kutazama, lakini linakata safu.

Na jambo ambalo walimu wengi wa kiume hawalifikirii: usiweke daftari la mahudhurio. Msichana aliye katika hedhi haswali, na jina lake likikosekana siku tano mfululizo shule nzima inajua. Awe na haki ya kuingia, kuketi kwenye kiti cha pembeni na kutoka bila kuulizwa. Wasichana wapate pia mlango wao au angalau pazia, na upande wao wa kutawadhia uwe na ukuta, maana hakuna atakayefunua nywele na mikono mbele ya wavulana.

Ufunguo asikae nao mwalimu anayeishi mbali. Wapewe kaka mkuu na dada mkuu, mmoja mmoja, na wa tatu ubaki kwa mlinzi.