Sombe pasipo samaki: umaskini ao utajiri?

Kwetu Kampemba, mgeni akikuta bukari na sombe tupu mezani, atauliza: «Na mboga iko wapi?» Sombe yenyewe njo mboga, lakini pasipo makayabo ao nyama tunaihesabu bure, na mama mwenye nyumba anaona haya. Juu ya ile haya tumependa kuchunguza kazi ya Bryant Terry.

Terry ni mpishi na mwandishi mweusi wa Marekani, mzaliwa wa Memphis. Alipokuwa kwenye masomo ya sekondari alisikia «Beef», wimbo wa Boogie Down Productions wa 1990, unaoeleza namna ng'ombe wanavyofugwa na kuchinjwa kwa biashara. Ule wimbo ukamgeuza, akaacha nyama. Mwaka 2006 alitoa Grub pamoja na Anna Lappé. Kiisha Vegan Soul Kitchen (2009), Afro-Vegan (2014) na Vegetable Kingdom (2020). Ni mapishi pasipo nyama, samaki, mayai wala maziwa.

Sifa yake kubwa ni hii: hamwombi mtu mweusi aige Mzungu. Majani, maharagwe, karanga na viazi anavirudisha kwenye heshima kama urithi wa mababu, na pembeni ya chakula anaweka muziki wa kusikiliza wakati wa kupika. Nani kati yetu amekwisha kuandika vile juu ya lengalenga na matembele?

Lakini tuko na maneno mawili. La kwanza: kuacha nyama na kukosa nyama si kitu kimoja. Mwanafunzi wetu anayeionja siku ya sikukuu tu, ukimfundisha kuiacha, ni kama kumwambia mwenye kufunga apunguze kula. Kwake yeye fundisho lianzie kwa heshima ya kile kilicho kwenye sahani yake.

La pili: mmea nao uko na deni. Tuangalie kikanda chetu, unga wa viazi vya okidi za porini uliopikwa na karanga na pilipili mpaka unashikamana, unakatwa vipande kama sosisi. Hakina hata tone la damu. Lakini ukichimba kiazi, umeng'oa mmea mzima, na leo okidi hizo zinachimbwa mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ili kulisha soko la Zambia.

Basi swali si nyama ao majani peke yake. Ni kujua chakula kimeharibu nini njiani. Hapa Lubumbashi, kituo cha J.A.C.K. kinalea tangu 2006 watoto wa sokwe walionyang'anywa mikononi mwa wauzaji. Mara nyingi mama zao waliuawa wakaliwa. Pale deni liko wazi kwa kila mtu.

Sombe tupu haina deni ya namna ile. Siku mgeni atakapouliza mboga iko wapi, tumwonyeshe sahani pasipo haya.