Pima Studio kwa Kimya Chake

Msanii anayeingia studio ya Busia au Malaba kwa mara ya kwanza hutanguliza macho. Anaona taa za rangi, skrini mbili, kibodi ya funguo 61 na sponji nyeusi ukutani, na moyo unatulia. Vyote hivyo hununuliwa kwa siku moja. Kinachotenganisha studio na studio hakionekani kwa macho, na mtu yeyote mwenye masikio mazima anaweza kukipima kabla hajatoa shilingi.

Jengo lenyewe lisikutishe wala lisikuhadae. Mradi wa Singing Wells, ulioanzishwa na Ketebul Music ya Nairobi chini ya Tabu Osusa pamoja na Abubilla Music ya Uingereza, umekuwa ukibeba mitambo yake hadi vijijini Afrika Mashariki na kurekodi waimbaji wa asili papo hapo walipo. Ikiwa kazi nzuri hutoka nje ya kuta nne, basi ubora uko kwa fundi na masikio yake.

Kwanza, rekodi kimya

Mwombe prodyuza awashe maiki, aipandishe kana kwamba unaimba, kisha wote mnyamaze na arekodi nusu dakika. Vaa hedfoni, ongeza sauti, usikilize. Hapa mpakani pa Kenya na Uganda utakutana na kelele za aina tatu.

Ya kwanza ni mngurumo wa chini, wa malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka. Kwa sauti ya mwimbaji, fundi hukata kila kilicho chini ya hezi 80 na mngurumo ukaondoka. Kwa ngoma kubwa hawezi, kwa sababu uzito wa ngoma unaishi hukohuko. Hapo dawa ni chumba cha nyuma, mbali na barabara, au saa ambayo foleni imepungua.

Ya pili ni mvumo wa stima. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika hapo na kwenye 100. Mwambie achomoe chaja ya laptopu, kompyuta ibaki na betri. Mvumo ukikatika, mkosaji amepatikana: ni chaja isiyo na waya wa ardhi, au vifaa vimechomekwa kwenye soketi mbalimbali. Tiba ni kuviweka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ardhi nzuri na kutumia kebo za pini tatu. Ukiona fundi amekata pini ya ardhi ili mvumo uishe, ondoka. Huyo anahatarisha maisha yako kwa ajili ya wimbo.

Ya tatu ni ile trrr-trrr ya simu. Mpakani simu haitulii. Mara inashika mtandao wa Kenya, mara wa Uganda, na kila inapotafuta mnara hurusha mawimbi yanayoingia kwenye nyaya. Studio makini ina kapu mlangoni, na simu huzimwa kabla ya kuingia humo.

Mtazame prodyuza anavyozishughulikia kelele hizi. Aliye bora huchomoa kitu kimoja, akasikiliza, akakirudisha, akaendelea na kingine mpaka akipate chanzo. Aliye dhaifu hukimbilia programu ya kufuta kelele, na sauti inayobaki huwa na majimaji ambayo hayatoki tena.

Pili, pima muda

Kompyuta haipokei sauti mfululizo. Huichota kwa vipande, kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe. Ukubwa wa kipande ni bafa. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 6. Ya 1,024 ni milisekunde 23, na sauti huchelewa tena inaporudi hedfoni. Mwimbaji anayejisikia akichelewa hivyo huanza kuburuta, kisha analaumiwa kwamba hajui kuhesabu.

Fundi anayejua kazi hushusha bafa hadi 128 au 256 wakati wa kurekodi, na kuipandisha wakati wa kuchanganya ili mashine ipumue. Sauti ikianza kukatakata, hufunga programu nyingine, huzima mtandao, na kuzigeuza ala nzito za midi kuwa sauti ya kawaida ili zisiibebeshe kompyuta mzigo. Kwenye Windows muulize pia anatumia draiva gani. Intafesi nzuri, kile kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, huja na draiva yake ya ASIO, mfumo uliobuniwa na Steinberg ya Ujerumani. ASIO4ALL ya bure ni ya kuazima tu pale ya kiwandani inapokosekana.

Lipo jaribio linalomaliza ubishi. Bandika hedfoni kwenye maiki, acha metronomu ya programu ilie, urekodi midundo minane. Kisha kuza picha ya sauti mpaka mdundo mmoja ujaze skrini. Mdundo uliorekodiwa unapaswa kukaa juu ya mstari wake. Ukichelewa kwa kiasi kilekile kila mara, hilo ni kosa la tarakimu moja tu katika mipangilio. Ukichelewa mara kidogo, mara sana, kuna hitilafu ya draiva au ya saa za vifaa. Usikubali kurekodi isukuti hapo. Ngoma zake tatu hujibizana kwa kasi, na ladha yote imo katika nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014. Isije ikaharibiwa na bafa.

Tatu, angalia kiwango

Taa nyekundu wakati wa kurekodi si dalili ya nguvu. Kwenye kompyuta sifuri ndiyo dari, na sauti iliyogonga dari imekatwa kichwa, haiungwi. Kwa biti 24, vilele vya kati ya desibeli -18 na -6 vinatosha kabisa. Prodyuza akikuambia uimbe kwa nguvu zote kwanza, ili apange kiwango kabla ya kurekodi, umefika kwa mtu.

Kasi ya sampuli nayo ina mitego yake. Wimbo uliorekodiwa kwa 48,000 ukichezwa kana kwamba ni wa 44,100 hushuka karibu nusu-toni moja na nusu, na wimbo wa dakika 4 hurefuka hadi dakika 4 na sekunde 21. Ukisikia sauti yako imezeeka ghafla, usiilaumu maiki.

Nne, midi na akogo

Midi haibebi sauti. Tangu 1983 kazi yake ni kupeleka ujumbe: noti gani, imebonyezwa lini, kwa nguvu gani kuanzia 0 hadi 127, imeachwa lini. Prodyuza akisema midi yake ina kelele, ingiwa na shaka. Noti ikilia bila kunyamaza, ujumbe wa kuachia umepotea. Kila noti ikisikika mara mbili, kibodi inacheza sauti yake na programu nayo inacheza yake, moja izimwe. Na ngoma za kibodi zikiwa na nguvu ileile kuanzia pigo la kwanza hadi la mwisho, hata kanisani hazitachezeka.

Mtihani wenyewe hasa ni akogo, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Mpigaji wa Kiteso, awe wa Malaba, Amukura au ng'ambo Tororo, hupanga vile vijiti vya chuma kwa kuvisogeza ndani na nje mpaka masikio yake yaridhike. Mpangilio huo haulazimiki kufuata kibodi, iliyogawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa. Studio ya haraka hutengeneza biti kwanza, humwita mzee wa akogo baadaye, humwambia "hauko kwenye ki", kisha hubandika Auto-Tune. Matokeo ni akogo inayosikika kama mlio wa simu.

Studio inayojiheshimu huanza na akogo. Maiki huwekwa shubiri moja au mbili kutoka kisandukuni, mzee hupiga anavyojua, kisha besi na vinanda vya midi ndivyo husogezwa senti kadhaa, yaani sehemu za mia za nusu-toni, vimfuate yeye. Mtetemo wa vyuma unaosindikiza noti hauguswi. Ni sehemu ya ala. Ukisikia rekodi ya Kiteso ambayo mtetemo huo umesafishwa, jua fundi hakuuliza.

Mwisho, faili

Kabla ya kulipa, mwambie afungue wimbo wa mteja wa mwaka jana. Hapo utajua mengi. Programu ya wizi iliyogoma, sampuli zilizopotea, diski moja isiyo na nakala, vyote hujitokeza. Hata FL Studio ya majaribio hukubali kuhifadhi kazi lakini hukataa kuifungua tena mpaka inunuliwe. Studio isiyoweza kufungua kazi ya mwaka jana haitafungua yako mwakani.

Akifaulu, patana naye hivi: nusu ya malipo mwanzoni, nusu siku ya kukabidhiwa WAV za biti 24, kila ala na faili yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri, pamoja na tempo na kasi ya sampuli vikiwa vimeandikwa. Kwa faili hizo studio yoyote, Kampala au Nairobi, itaweza kuendelea pale alipoishia. Fundi anayeziamini kazi zake hukubali bila kunung'unika.