Kuulaza Mtofaa

Mtofaa ni mti wa nchi za baridi. Huko majira yenyewe huulaza: majani hupukutika, macho ya matawi hukaa mamia ya saa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 7, kisha yote huamka pamoja. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Julai watu huvaa makoti, lakini mtofaa hubaki na majani yake, hauko macho wala haujalala. Mama mmoja pembezoni mwa mji ana mitofaa minne kati ya jiko na uzio, naye huilaza mwenyewe.

Baada ya mavuno huacha kumwagilia. Majani yakianza kukakamaa, huegemeza ngazi na kuyachuma moja moja. Hashiki jani akalivuta chini. Hulibana kwenye kikonyo na kulisukuma kuelekea ncha ya tawi, likakatika bila sauti. Kwenye kwapa la kila jani lipo jicho, na ukivuta chini ganda huchanika, jicho likaondoka nalo. Kazi hiyo humalizika kesho yake jioni. Jirani akipita huuliza mti umepata ugonjwa gani.

Ndipo huchukua mkasi wa kupogolea, akaufuta kwa spiriti. Matawi yanayosuguana huondoka kwanza. Yanayobaki huyafupisha juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mkato ukiinama upande wa pili ili maji ya mvua yasitiririkie jicho.

Kisha matawi yaliyosimama huyalaza kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye kigingi. Tawi lililosimama hukimbilia urefu, lililolala huchanua. Haliinamishi kwa mara moja: leo kidogo, baada ya siku chache hukaza tena. Kitanzi hukiacha kipana, akapitisha kidole kuhakikisha hakibani ganda.

Wiki chache baadaye macho huvimba na maji hurudi shinani. Mitatu kati ya minne ni Anna, aina iliyozalishwa Israel kwa ajili ya sehemu zenye baridi haba; wa nne ni Dorsett Golden, aina iliyogunduliwa Bahamas. Huchanua karibu wakati mmoja, nyuki wakabeba chavua toka huu hadi ule. Asingepanda wa nne, Anna ingezaa kidogo.

Kinachonishangaza zaidi ni anachofanya matunda yakifikia ukubwa wa njegere. Kishada kina matano au sita. Huacha moja, mengine huyakata. Mimi ningeyahurumia yote, nikaishia kula matofaa ya saizi ya ndimu.

Yakikaribia kuiva, haangalii rangi peke yake. Hulipakata tunda kiganjani, akaliinua na kulizungusha kidogo. Likiachia na kikonyo chake, huingia kapuni.

“Na likigoma, mama?”

“Naliacha, mwanangu. Keshokutwa nitaliuliza tena.”