Sufu Nyeupe, Zulia la Rangi: Fani katika "Las Hilanderas" ya Velázquez

Katika Makumbusho ya Prado mjini Madrid kuna mchoro mpana wa rangi za mafuta uliochorwa na Diego Velázquez kati ya mwaka 1655 na 1660. Unajulikana kwa jina la Las Hilanderas, yaani wanawake wanaosokota uzi. Mbele, katika chumba chenye kiza, wanawake watano wanashughulika na sufu. Nyuma yao, juu ya vipandio, kuna chumba kidogo kilichofurika mwanga, na humo mabibi waliovalia hariri wamesimama karibu na zulia kubwa la ukutani lililofumwa picha.

Kwa muda mrefu watazamaji waliamini kwamba hapa Velázquez alichora kiwanda cha mazulia cha Santa Isabel, palepale Madrid. Imani hiyo ilitikisika mwaka 1948, ilipochapishwa orodha ya mali ya Pedro de Arce, mtu aliyetumikia ikulu. Katika orodha hiyo ya mwaka 1664 mchoro umeitwa hadithi ya Arachne. Tangu hapo wahakiki wamejadili sana maudhui: yupi ni mungu wa kike Minerva, yupi ni Arachne, na kisa kinafundisha nini. Mimi husokota sufu kwa mkono kwa sababu naipenda kazi hiyo, na naona fani ya mchoro huu imesema mambo ambayo mjadala wa maudhui umeyapita.

Hoja yangu ni hii: muundo wa mchoro unawapa wasokotaji heshima ambayo sanaa ya zama zile iliwapa watu wa kazi kwa nadra, na papo hapo unawafuta mafundi wengine wawili, mtia rangi na mfumaji, ili mchoraji akalie viti vyao.

Tuanze na kisa. Ovid, mshairi wa Kirumi, anakisimulia katika kitabu cha sita cha Metamorphoses. Arachne ni binti wa Lidia asiye na ukoo wa kujivunia. Baba yake, Idmon, ni mtia rangi. Huchovya sufu katika zambarau ya konokono wa baharini. Mama amekwisha kufa. Jina la binti huyu limejengwa na mikono yake tu, na mabinti wa kijini wa milima na mito huacha makao yao waje kumtazama. Ovid anatilia mkazo jambo moja: hawakuja kuona nguo zilizokwisha tu, walikuja pia kuona zinavyotengenezwa. Kisha anaifuata kazi hatua kwa hatua, tangu sufu ghafi inavyokusanywa kuwa madonge na kulainishwa kwa vidole, hadi kidole gumba kinapozungusha kijiti cha kusokotea. Arachne anakataa kukiri kwamba ustadi wake ni zawadi ya Minerva. Mungu huyo anamjia kwa umbo la kikongwe, wanashindana kufuma, na Arachne anafuma visa vya miungu waliowahadaa wanawake, kuanzia Europa aliyebebwa na fahali. Minerva haoni kasoro katika kazi ile. Anaichana, anampiga binti, na mwishowe anamgeuza buibui.

Mchoraji mwingine angeuweka ushindani huo mbele, ukubwa wa mtu mzima. Velázquez ameupindua mpangilio. Minerva, mwenye kofia ya chuma na mkono ulioinuliwa, yuko mbali nyuma, mdogo kama kidole. Arachne amesimama mbele ya zulia lake, naye mdogo vilevile. Mahali pa mbele, panapostahili mashujaa, pamekaliwa na uchanaji, usokotaji na ukunjaji wa uzi. Hata hivyo mwanga mkali uko nyuma. Ukubwa umepewa kazi na mwanga umepewa kisa, na jicho la mtazamaji linakwenda na kurudi kati ya hivyo viwili bila kupata pa kutulia. Mvutano huo ulikuwa mkali zaidi mchoro ulipotoka mikononi mwa Velázquez, kwa kuwa vipande vya turubai vilivyoongezwa karne ya 18, pamoja na tao la juu na dirisha la duara, viliwasogeza wanawake mbali na sisi. Mchoro wa asili ulitusimamisha karibu na magoti yao.

Sasa tuifuate sufu. Anayetaka kuisoma kazi hii kwa mpangilio wake hawezi kuanzia kushoto kwenda kulia. Inampasa kuanzia katikati, penye giza kuu, alipo mwanamke aliyeinama akichana sufu. Kutoka hapo aende kushoto kwa mwanamke mzee kwenye gurudumu la kusokotea, avuke hadi kulia kwa kijana anayekunja uzi kuwa donge, ndipo jicho lipande vipandio kulifikia zulia. Mchanaji karibu hana uso. Velázquez amempa mipigo michache ya brashi, macho na mdomo havipo. Kila anayesokota anajua kwamba uzi mbaya huanzia hapo. Sufu isipochanwa vizuri, nyuzi zake fupi hulala ovyo, na mkono hauwezi kuzivuta kwa usawa. Kazi ambayo zote nyingine zinaitegemea ndiyo iliyowekwa gizani, na ndiyo iliyowekwa katikati. Fani imekiri umuhimu wake na imekiri pia kwamba hakuna anayeitazama.

Gurudumu ni sehemu iliyosifiwa kuliko zote, na inastahili. Mikono ya gurudumu haionekani. Tunachoona ni mviringo wa hewa inayong'aa, alama chache za nuru zilizopinda, na ukungu ambao kupitia kwake mtazamaji anaona kilicho nyuma yake. Wengi wanausifu kama ufundi wa kuonyesha mwendo. Msokotaji anaona zaidi ya mwendo. Nywele ya sufu ni fupi, haizidi urefu wa kiganja kwa kondoo wengi, na kinachoifanya iwe uzi wa mita mia moja ni msokoto peke yake. Msokoto ukiwa mdogo uzi hukatika, ukizidi hujikunja na kuwa vifundo. Nguvu hiyo haionekani inapopita kutoka kwenye gurudumu kuingia kwenye sufu; mtu huihisi kwenye ncha za vidole. Velázquez ameichora palepale inapozaliwa, kwa kuondoa mbao za gurudumu na kubakisha nuru.

Mtazame pia mwenye gurudumu. Kichwa chake kimegeukia kushoto, kwa msichana anayevuta pazia jekundu, na wawili hao wanazungumza. Kazi haijasimama. Huu ni ukweli wa kazi uliotazamwa kwa makini, kwa sababu mgeni wa gurudumu huukodolea macho uzi wake, na mzoefu huusikiliza kwa vidole. Sufu ninayosokota ni ya kondoo wa Corriedale wa nyanda za juu za Kenya, uzao wa Merino na Lincoln, kwa hiyo ina damu ya wale Merino ambao Hispania ya Velázquez iliwalinda wasiuzwe nje. Nywele zake zina mawimbi madogo yanayoshikana, na ukizizoea, vidole huhisi mahali uzi unapoanza kuwa mwembamba kabla jicho halijajua. Mguu wa mwanamke yule, uliochomoza chini ya nguo, ni laini na wa ujana kuliko uso wake, na wahakiki kadhaa wameutumia kama ushahidi kwamba ni Minerva yuleyule wa nyuma, hapa akiwa bado amejigeuza kikongwe. Nakubaliana nao, na nauongezea ushahidi wa mikono. Mungu wa ufundi anatambulikana hapa kwa utulivu wa anayefanya kazi bila kuitazama.

Upande wa kulia, kijana wa blauzi nyeupe ametupa mgongo. Shingo na mkono wake ulionyooka vimepata mwanga mwingi kuliko kitu chochote cha mbele, na vidole vinavyokunja uzi vimechorwa kwa haraka, bila kingo kamili. Uso hatuuoni. Tunamjua kwa tendo lake, kama mabinti wa kijini walivyomjua Arachne.

Kutoka kwake tunapanda vipandio, na hapa ndipo msokotaji anaposhtuka. Sufu iliyo mikononi mwa wanawake hawa ni ya rangi ya kondoo: nyeupe, maziwa, kahawia hafifu. Zulia la nyuma limejaa buluu, waridi na dhahabu. Kati ya donge jeupe na zulia lile kuna kazi mbili nzito, kutia rangi na kufuma. Katika mchoro hakuna chungu cha rangi wala jiko, na hakuna mtambo wa kufumia. Ngazi fupi imesimama badala ya miezi ya kazi.

Aliyewahi kutia rangi sufu anajua kilichorukwa. Kwanza sufu huoshwa mafuta yake. Kisha hupikwa polepole na shabu, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu, ili rangi ipate pa kushika. Moto ukipandishwa ghafla au sufu ikikorogwa sana, hushikamana na kuwa bonge lisilofumuka. Anayetaka rangi inayofifia hatua kwa hatua hutumia maji yaleyale mara kadhaa: shada la kwanza hutoka na rangi iliyoiva, la pili hafifu kidogo, la tatu hafifu zaidi. Kwa nili hufanya kinyume, huchovya na kuanika hewani tena na tena, na kila mchovyo huongeza kina. Ovid aliujua ufundi huu. Anapoeleza nyuzi za mashindano anazifananisha na upinde wa mvua, ambamo rangi mbili jirani hazitenganishiki kwa macho ilhali za ncha mbili ni tofauti kabisa. Sifa hiyo ni ya mtia rangi kabla ya kuwa ya mfumaji. Ni sifa ya Idmon.

Velázquez ameichukua sifa hiyo na kuihamishia kwenye brashi. Tazama kijichumba cha nyuma: Minerva na Arachne wameyeyuka katika zulia kiasi kwamba ni vigumu kuamua kama wamesimama mbele yake au wamefumwa ndani yake. Mpaka kati ya mtu na uzi umefifishwa kwa rangi zinazopokezana bila mshono. Zaidi ya hayo, picha ya zulia lile ni Europa ya Titian, mchoro uliokuwa katika mkusanyo wa wafalme wa Hispania na ambao leo uko Boston. Kazi ya Arachne, binti wa mtia rangi, imegeuka kuwa kazi ya mchoraji. Hata malighafi imehama. Wachoraji wa zama zile walikuwa na nyekundu ya laki, na laki nyingi zilitengenezwa kwa kuchuja rangi kutoka mabaki ya vitambaa vilivyokwisha kutiwa rangi. Mtia rangi alikuwa ndani ya kibweta cha mchoraji, bila jina.

Kuna atakayepinga akisema kwamba katika viwanda vya mazulia kazi ziligawanywa, na uzi ulitiwa rangi mahali pengine, kwa hiyo Velázquez alichora alichokiona. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama mchoro ungekuwa taarifa ya kiwanda. Mtu aliyemweka mungu mwenye kofia ya vita nyuma ya wachanaji wa sufu hakubanwa na alichokiona. Alichagua, na uchaguzi wake una historia. Katika miaka hiyohiyo Velázquez alikuwa akiomba kuingizwa katika daraja la mashujaa wa Santiago, na alilipata mwaka 1659. Uchunguzi wa ombi lake ulidai ithibitishwe kwamba hakuwahi kuishi kwa kuuza michoro kama fundi wa duka. Mtu aliyelazimika kuukana ufundi wa mikono ndiye aliyeuchora kwa upendo mkubwa hivi, na ndiye aliyeficha hatua mbili zinazokaribiana zaidi na kazi yake mwenyewe: kupaka rangi na kujenga picha juu ya nyuzi.

Kwa hukumu yangu, basi, Las Hilanderas ni kazi kuu na ina deni. Ukuu wake uko katika kuamini kwamba kutengeneza kitu ni tamthilia tosha, isiyohitaji miungu wasimame mbele kwa umbo lao la kimungu. Deni lake ni kwa Idmon na kwa mfumaji, ambao utukufu wao umepokelewa na mwingine. Leo watu wengi husokota na kutia rangi sufu nyumbani bila kulazimishwa na ujira, wakiwa na uhuru wa mabibi wa nyuma na mikono ya wanawake wa mbele. Wamezijaza hatua alizoziruka mchoraji, kwa sababu mtu mmoja huchana, husokota, hupika shabu, huchovya na kufuma. Macho yao yana la kuwapa wahakiki wa sanaa. Mhakiki anayelisifia zulia la Arachne kwa rangi zake anatakiwa aulize zilipikwa wapi na nani, na jibu lisipokuwepo ndani ya fremu, ukosefu huo nao auhesabu kuwa sehemu ya fani.