Familia na kanisa la Rabai

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Uingereza, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosina. Mwezi Julai mwaka huohuo homa iliwaangusha wote wawili. Rosina alijifungua binti, akafariki; siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama. Krapf aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, akabaki.

Alibaki kufanya kazi. Mwaka 1846 mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alijiunga naye, wakahamia Rabai kwa Wamijikenda. Sifa nyingi humwendea Rebmann kwa kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba alikaa Afrika Mashariki miaka 29 bila kurudi kwao. Mkewe aliishi naye huko Rabai hadi alipofariki mwaka 1866.

Waumini walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mtu mwenye ulemavu. Kisha akaja Abe Gunja na jamaa yake, na hapo ndipo kanisa lilipokuwa ukoo kweli. Rebmann alipopofuka, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, ndiye aliyemshika mkono na kusafiri naye hadi Ulaya mwaka 1875. Mjane asiye na mtoto alipata mwana wa kumwongoza. Pongezi za Rabai zinamstahili Nyondo sawa na wageni aliowahudumia.