Mpira wa Usukani: Kung'oa au Kuvua?

Tumeletewa karatasi ya maelekezo iliyofungwa pamoja na vipuri vya pikipiki. Yaeleza namna ya kuondoa bila ya kuiharibu ile mipira miwili inayovikwa katika ncha za usukani, mahali anaposhika mwendeshaji. Mtafsiri hakutajwa, nasi hatuna haja ya kumtafuta. Sarufi yake haina ila. Lakini fundi atakayemfuata neno kwa neno atauchana mpira mara moja.

Tuanze na jina. Karatasi yakiita kitu hiki "mshikio", na mistari michache baadaye wenzo wa breki nao waitwa "mshikio". Msomaji atajuaje aguse kipi? Gerejini husikika "gripu", na pia "mpira wa usukani". Utaratibu wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, na hili la pili ni Kiswahili kitupu. Kuzaliwa kwake penye oili chafu si sababu ya kulikataa. "Mpini" halifai, kwani mpini ndio ubebao chuma cha jembe, hali mpira huu huvishwa chuma. Wako watakaosema kuwa mingine siku hizi ni ya sponji. Na iwe. Msasa wa dukani hautokani na majani ya mti wa msasa, wala jina halikubadilika.

Kasoro kubwa zaidi imo katika vitenzi, navyo ndivyo visahauliwavyo mno, maana orodha za istilahi hujaa majina ya vitu. Karatasi yasema "ng'oa", kisha "vuta kwa nguvu". Hung'olewa jino, msumari au kisiki; ndani ya neno mna nguvu, na mara nyingi mna kuharibu. Kuvuta nako kwadanganya: mpira ukivutwa kwa urefu wake hupungua kipenyo, ukazidi kuubana usukani. Kitenzi kilichohitajika twakitumia kila siku. Kilichovikwa huvuliwa. Na mwenye pete iliyombana kidoleni haivuti kwa nguvu. Hupaka sabuni, akaizungusha, ndipo akaivua.

Ndivyo afanyavyo fundi mzuri. Hupenyeza bisibisi nyembamba, isiyo na makali, chini ya ukingo wa mpira. Huuinua kidogo, akanyunyiza spiriti au maji ya sabuni, akauzungusha huku na huku mpaka ulegee. Mwenye kompresa hupuliza upepo chini ya ukingo, na mpira ukajitenga na chuma.

Karatasi haikutaja spiriti wala sabuni wakati wa kuvua. Imeandika "kilainisho" tu, neno pana mno hapa, kwani fundi asomaye hivyo atashika chupa ya oili iliyo karibu naye. Oili haikauki upesi kama spiriti. Hubaki ndani, na siku ya pili mpira huzunguka mkononi mwa mwendeshaji wa bodaboda aliyepakia abiria. Mbele zaidi spiriti yatajwa, lakini yasemwa kuwa "itayeyuka". Barafu ndiyo iyeyukayo, spiriti hugeuka mvuke, na kwa fundi yatosha kusema "itakauka".

Wakati wa kurudisha, karatasi haitofautishi kulia na kushoto. Mpira wa kushoto huvaa chuma chenyewe, ambacho katika pikipiki nyingi kina kipenyo cha milimita 22. Ule wa kulia huvaa bomba la plastiki linalozungushwa kuongeza mafuta, na kwa hiyo tundu lake ni pana zaidi. Tena wa kulia usisukumwe ndani mno. Ukigusa kasha la swichi huweza kulizuia bomba lisirudi, na injini ikaendelea kunguruma hali mkono umekwisha kuachia. Jambo hili lilistahili sentensi yake peke yake, kwa herufi nzito, nalo halimo kabisa.

Bomba hilo la plastiki karatasi imeliita "bomba" tu, hali pikipiki ina bomba la moshi pia. "Bomba la mafuta" haliwezekani, kwani msomaji atadhani mafuta hupita humo. Kwa sasa twapendekeza "mwanzi wa usukani", kwa kuwa mwanzi una uwazi ndani na hupokea kitu kingine. Wasomaji walio karibu na gereji watuandikie kama mafundi wa kwao wana neno lililo bora.