Sifa za Mtaro

Kiangazi kikikolea huko Chekereni, kusini mwa mji wa Moshi, unaweza kukuta jaruba la mpunga limestawi na pembeni yake kipande cha ardhi kilichojaa weupe, kama mtu kapitisha kiroba cha unga kilichotoboka. Chota kidogo kwa kidole uonje. Ni chumvi, tena yenye ladha ya magadi.

Skimu ya umwagiliaji ya huko, Lower Moshi, iliyokamilika 1987 kwa ushirikiano na Japani, husifiwa kwa mabanio yake ya mito Rau na Njoro, na inastahili. Lakini mimi moyo wangu uko kwa anayechimba mtaro wa kuyatoa maji hayo shambani yakishazidi.

Maji ya mto, hata yawe matamu kinywani, yana chumvi. Tuseme ni nusu gramu kwa lita. Hekta moja ikipewa mita za ujazo 10,000 kwa msimu, imeingiziwa tani 5 za chumvi. Mpunga hunywa maji, jua huchukua mengine, chumvi haina wa kuichukua. Na yale yaliyozama huinua maji ya ardhini. Yakikaribia uso, mita moja au mbili tu chini, udongo huyavuta kama utambi uvutavyo mafuta ya taa, na kila tone likaukalo huacha chumvi yake juu.

Nimewahi kumtazama mzee mmoja mgawa maji. Shambani alikuwa amesimika bomba la plastiki lenye matundu. Alifunga nati kwenye uzi, akaishusha polepole, kichwa kainamisha, mpaka ikasikika chubwi! Akaubana uzi kwa kidole gumba, akaupima kwa shubiri.

"Yamepanda, mwanangu," akasema. Lango la maji hakulifungua siku ile. Alichukua panga, akashuka mtaroni kufyeka matete.

Huo ndio ufundi wenyewe. Shamba lenye chumvi huoshwa kwa kupewa maji kuliko haja ya mmea, yazame na chumvi yatokee mtaroni. Bila mtaro, maji hayohayo ni sumu. Na pale udongo ulipokamatwa na magadi ukagoma kupitisha maji, hutangulizwa jasi, ndipo uoshaji ufuate.

Chumvi hii ya mashambani imewahi kuwatesa watu. Kusini mwa Iraki, jirani na Basra, watumwa walioitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani yetu, walilazimishwa kukwangua gamba la chumvi ili ardhi ilimike. Mwaka 869 waliasi, na vita vikadumu miaka 14. Kila nikiuona mtaro safi ukitiririsha maji ya chumvi bila kumtesa mtu, nawakumbuka.

Msimu ujao, mkiitana kwenda kusafisha mfereji, nawaomba mwanzie mtaroni.